Mbwaa: Kisiwa Kinachokumbukwa na Watu wa Mlimani

Watu wa Meru ni watu wa mlima. Mashamba yao ya kahawa na majani chai yamepanda mteremko wa Mlima Kenya upande wa mashariki, na miraa yao hustawi juu ya vilima vya Nyambene. Kutoka huko hata ufuko wa Bahari ya Hindi ni mwendo wa maili zaidi ya 250, tena katika nchi kavu yenye miiba na jua kali. Zamani wengi wao walizaliwa, wakazeeka na kufa pasipo kuyaona maji ya bahari kwa macho yao. Hata hivyo, mzee wa Kimeru akiulizwa asili ya kabila lake, hajibu kwamba walichipuka mlimani. Hujibu kwamba walitoka Mbwaa. Na Mbwaa, kwa kadiri ya masimulizi yake, ni nchi iliyozungukwa na maji. (Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba jina hili lina uhusiano wowote na mnyama alindaye nyumba.)

Je, watu wa mlimani walipataje kukumbuka kisiwa? Wako waliosema kwamba habari hii ni hadithi tu ya kuwatuliza watoto wakati wa jioni. Wako wengine waliosema kwamba ni kweli yote, neno kwa neno. Neno la busara ni kufanya kama wafanyavyo wazee wa Njuri Ncheke wanapoamua shauri la mpaka wa shamba: kuwasikiliza mashahidi mmoja mmoja, na kumwuliza kila mmoja lile tu alijualo.

Jambo la namna hii limepata kutokea mahali pengine duniani. Katika bahari ya Uyunani kiko kisiwa cha Krete, ambacho wasomaji wa Biblia wanakijua kwa sababu jahazi lililomchukua Mtume Paulo kwenda Rumi lilipita kando yake. Ni kisiwa kirefu cha maili 160 hivi, chenye milima mirefu. Wayunani wa kale walisimulia kwamba mfalme wa Krete aliyeitwa Minos aliwatoza watu wa Athens kodi ya vijana saba na wasichana saba, wawe chakula cha dubwana lililokuwa nusu mtu na nusu fahali, lililokaa ndani ya nyumba yenye njia za kupoteza watu. Kwa miaka mingi wataalamu wengi walilidhania jambo hilo kuwa ndoto za washairi. Lakini mwaka 1900 Mwingereza Arthur Evans alianza kuchimba mahali paitwapo Knossos, akafunua jumba kubwa la kifalme lenye vyumba vingi mno, lililojengwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na katika kuta zake picha za vijana wakiruka juu ya fahali. Dubwana halikuonekana, lakini ufalme ulionekana. Hadithi ilikuwa imehifadhi jambo, ingawa ililivika mavazi mengine.

MASIMULIZI YA WAZEE

Habari za Mbwaa ziliandikwa na watu kadha wa kadha. Padre Bernardo Bernardi, Mwitalia, alizitaja katika kitabu chake juu ya Mugwe, kiongozi wa ibada na baraka za Wameru, kilichotolewa mwaka 1959. Mmarekani Jeffrey Fadiman alikaa na wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960, akaandika maneno yao, na mwaka 1973 akayatangaza katika jarida la historia ya Afrika. Masimulizi hayafanani kila mahali, kwa maana kila ukoo una maneno yake. Lakini mwili wa habari ni mmoja.

Yasemwa kwamba babu za Wameru walikaa Mbwaa wakilima na kufuga. Maji ya huko yalikuwa na tabia ya ajabu: yaliondoka, kisha yakarudi. Baadaye walikuja watu wenye nguvu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, wakawatawala na kuwafanya watumwa. Wakuu hao walipotaka kuwaangamiza waliwapa mafumbo ya kufanya, ambayo kwa akili ya kawaida hayawezekani.

Kwanza waliagizwa walete kiatu chenye manyoya juu na chini. Wakatatizwa, hata mzee mmoja mwenye hekima akawaambia wakate ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe, kwa kuwa ina manyoya pande zote mbili. Tena waliagizwa watoe tunda la mviringo lililotumbukizwa katika shimo refu, pasipo kulitoboa wala kuingiza mkono. Mzee akasema wamimine maji katika shimo, na tunda likaelea hata juu. Wakaagizwa walete mbwa mwenye pembe. Wakachukua pembe za mnyama mdogo wa porini, wakazigandisha kwa nta juu ya kichwa cha mbwa. Mwisho waliagizwa wafue mkuki mrefu, unaotoka ardhini hata kugusa mbingu. Hapo hekima ilifikia ukingo wake, na mzee akawaambia kwamba haikubaki ila kukimbia.

Mzee huyo katika masimulizi mengi huitwa Koomenjoe. Aliwadanganya Nguo Ntune kwamba watu wanahitaji siku kadha za kwenda kuufua huo mkuki, na usiku wakaondoka na wake zao, watoto na mifugo. Walipofika ukingo wa maji hawakuwa na njia. Inasimuliwa kwamba watu watatu walijitoa nafsi zao kwa ajili ya wenzao, na baada ya hayo Koomenjoe akayapiga maji kwa fimbo yake, na maji yakaachana. Waliovuka usiku waliitwa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri waliitwa Ntune, yaani wekundu. Na waliovuka jua limekwisha kuchomoza waliitwa Njeru, yaani weupe. Hata katika siku hizi koo za Wameru huhesabiwa katika mafungu hayo matatu, wala si kwa rangi ya ngozi.

Msomaji wa Biblia ataona mara moja kwamba habari hii inafanana na ile ya Musa na wana wa Israeli. Kwa hiyo wengine walidhani kwamba wazee waliisikia kutoka kwa wamisionari, wakaichanganya na mambo yao. Shaka hiyo ni ya haki, wala haifai kudharauliwa. Lakini katika Kitabu cha Kutoka hakuna kiatu chenye manyoya pande mbili, wala mbwa mwenye pembe, wala tunda lililoelea katika shimo, wala mafungu matatu ya usiku, alfajiri na mchana. Na mafungu hayo ya koo ni msingi wa undugu na ndoa za Wameru, jambo ambalo mahubiri ya miaka michache hayawezi kulijenga.

KISIWA CHENYEWE

Kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, viko visiwa vya Lamu. Vilivyo vikubwa ni vitatu: Lamu yenyewe, ambayo wenyeji huiita Amu, Pate, kilicho kikubwa kuliko vyote, na Manda, kilicho kati ya hivyo viwili. Fadiman, baada ya kulinganisha maneno ya wazee na ramani, alisema kwamba Mbwaa huenda ni hicho kisiwa cha Manda, akataja kwamba mahali fulani katika kisiwa hicho panaitwa Mbwara Matanga.

Mtu akisimama katika gati ya mji wa Lamu na kutazama mashariki, huiona Manda ng'ambo ya mkondo wa maji. Ndiko uliko uwanja wa ndege wa Lamu, na abiria huvuka kwa mashua. Kisiwa ni tambarare, na msingi wake ni mawe ya matumbawe. Upande wa bahari kuu kuna mchanga, na upande wa bara kuna mikoko mingi iliyosimama katika matope. Mibuyu imeota huku na huku. Kasoro yake kubwa ni maji matamu, ambayo ni haba sana. Na kwa sababu hiyo kisiwa hiki, kilichokuwa na miji zamani, hakikupata tena mji mkubwa.

Kati ya Manda na bara upo mfereji mwembamba uitwao Mkanda. Hapa ndipo mtu wa mlimani apaswapo kutulia na kufikiri. Bahari ya Hindi hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na kitu kidogo. Yakijaa, maji huingia ndani ya mikoko. Yakipwa, matope na mchanga hubaki wazi. Wakati wa mwezi mchanga na wakati wa mwezi mpevu huwa bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika Mkanda mabaharia wa zamani walikuwa na desturi ya kungoja maji yajae ndipo wapite, kwa maana yakipwa mashua hukwama.

Basi, maji yanayoondoka na kurudi si jambo la mito ya Meru. Kathita, Mutonga na Thuci hufurika wakati wa masika na kupungua wakati wa kiangazi, lakini haiondoki asubuhi ikarudi jioni. Ziwa nalo halifanyi hivyo. Ni bahari peke yake ifanyayo hivyo. Mtu aliyeanza kuisimulia habari ya Mbwaa aliiona bahari, au alisikia kutoka kwa mtu aliyeiona. Na watu wenye kukimbia, wakiwa na mifugo, wakayakuta maji yamejaa usiku na kuyaona yakipwa hata njia ikaonekana, wangeweza kwa haki kabisa kusema kwamba maji yaliachana.

MAWE YANAVYONENA

Shahidi wa pili ni ardhi. Katika miaka ya 1960 na 1970 Neville Chittick, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Kiingereza ya uchunguzi wa mambo ya kale katika Afrika ya Mashariki, alichimba magofu ya mji wa kale wa Manda, ulio upande wa kaskazini wa kisiwa. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1984. Aliona kwamba mji huo ulikuwa umekwisha kusitawi katika karne ya 9, yaani zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, wakati ambapo London ilikuwa mji mdogo wa mbao.

Vitu vilivyofukuliwa vyaonyesha biashara kubwa. Palikuwa na vyombo vya udongo vya kung'aa kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi, na vyombo vya Kichina, na vigae vya kioo. Palikuwa pia na vyungu vingi vya kienyeji, na takataka za chuma zilizobaki baada ya wahunzi kuyeyusha mawe yake. Jambo lililowastaajabisha wataalamu zaidi ni kuta za kuzuia bahari, zilizojengwa kwa mapande ya matumbawe, mengine yakiwa na uzito wa tani moja. Palionekana pia matofali ya kuchoma, jambo lisilo la kawaida katika miji ya kale ya pwani yetu. Watu waliojenga namna hiyo hawakuwa wageni wa msimu mmoja, walikusudia kukaa.

Habari za Pate, zilizohifadhiwa na wenyeji na kuandikwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, zasema kwamba Pate iliushinda mji wa Manda na kuutiisha. Kisha Wareno wakaja. Mwaka 1589 manowari zao zilimkamata mtawala wa Lamu na kumwua, zikaenda na Manda, zikabomoa nyumba na kukata minazi. Miaka michache kabla ya mwisho wa karne ya 17, mamlaka ya Wareno yalikuwa yakididimia mbele ya Waarabu wa Oman, hata Ngome ya Yesu kule Mombasa ikaanguka mwezi wa Desemba mwaka 1698.

Upande wa kusini wa kisiwa hicho hicho yako magofu mengine yaitwayo Takwa. Huo ulikuwa mji wenye ukuta, nyumba za mawe na msikiti mzuri ambao juu ya kibla chake imesimama nguzo. Nje ya ukuta liko kaburi la nguzo lenye maandishi ya Kiarabu ya miaka ya 1680. Takwa ilihamwa karibu na mwaka 1700, na inasimuliwa kwamba watu wake walivuka mkondo wakajenga Shela, katika kisiwa cha Lamu. Hata baadaye watu wa Shela waliendelea kuzuru Takwa kwa dua.

Hapa liko jambo la kuangaliwa. Wameru huhesabu miaka kwa marika, na majina ya marika, kama vile Miriti, Guantai na Gichunge, hurudi kila baada ya vizazi kadha. Fadiman alipohesabu marika kurudi nyuma, alifikia karibu na mwaka 1700 kuwa wakati wa kutoka Mbwaa. Ni wakati ule ule Takwa ilipoachwa, na Oman ilipochukua nafasi ya Ureno. Haifai kusema kwamba jambo hili limethibitisha lile. Mawe ya Takwa hayana jina la Mmeru hata mmoja, wala hakuna chungu cha Kimeru kilichotambuliwa katika magofu hayo. Lakini ni dhahiri kwamba miaka hiyo ilikuwa miaka ya misukosuko katika visiwa hivyo, na watu wengi walihama.

Na hao Nguo Nyekundu walikuwa nani? Wengine wamesema ni Waarabu, wengine Wareno, wengine wakubwa wa miji ya Waswahili. Masimulizi yametunza rangi ya nguo zao tu, kama mtumwa atunzavyo katika moyo wake alama ya bwana wake.

LUGHA INAVYOSHUHUDIA

Shahidi wa tatu ni lugha, naye ana maneno mawili yanayoelekea kupingana.

Neno la kwanza ni hili. Kimeru, Kiembu, Kimbeere, Kichuka, Kitharaka, Kikuyu na Kikamba ni ndugu wa tumbo moja. Mtu wa Embu akienda soko la Chuka hahitaji mkalimani. Akifika Nkubu atasikia mengi pasipo kufundishwa. Undugu wa namna hiyo hauwi ila watu wamekaa karibu karibu kwa miaka mingi. Profesa Godfrey Muriuki, aliyeandika historia ya Wakikuyu mwaka 1974, alifuata masimulizi ya Wakikuyu na jirani zao, na njia ikamwongoza kwenye nchi za Tigania na Igembe, kisha Mbeere, muda mrefu kabla ya mwaka 1700. Ikiwa ni hivyo, nchi ya mlima haikuwa tupu ikiwangojea watu wa Mbwaa. Wenyewe walikuwamo.

Neno la pili ni hili. Mbali sana na Mlima Kenya, katika Tanzania, karibu na Tanga na chini ya milima ya Usambara, wako watu wachache wanaosema Kidhaiso. Wataalamu walipoichunguza lugha hiyo waliikuta kuwa ni ndugu wa Kikamba, Kikuyu na Kimeru, iliyotupwa mbali kama mbegu iliyochukuliwa na upepo. Watu hao ni wa jamaa ya Wasegeju. Na Wasegeju si wageni katika vitabu: mwaka 1589, mwaka ule ule wa taabu ya Manda, Wareno waliandika kwamba Wasegeju waliwasaidia watu wa Malindi kuwashinda Wazimba waliokuja kuuteketeza mji. Basi, watu waliokuwa na undugu wa lugha na Wameru walikuwako pwani, karibu na Malindi, zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mtu asiseme tena kwamba haiwezekani kabisa.

Mto nao watoa ushahidi wake kimyakimya. Maji yote ya Meru na Embu yanayoteremka mashariki, ya Rupingazi, Ena, Thuci, Mutonga na Kathita, huingia katika mto Tana, ambao katika sehemu za juu huitwa Thagana. Tana ni mto mrefu kuliko yote ya Kenya, una maili 600 na zaidi, nao humwaga maji yake baharini karibu na Kipini, upande wa kusini wa visiwa vya Lamu. Mvua inyeshayo Runyenjes ndiyo inyweshayo mashamba ya Wapokomo. Kwa watu wanaosafiri na mifugo katika nchi kavu hakuna njia nyingine ya kuaminika ila ukingo wa mto huo. Aliyekimbia kutoka pwani ya Lamu, akiufuata mto siku zote pasipo kuuacha, mwisho wake angekiona kilele cheupe mbele yake.

WATU WA EMBU WASEMAVYO

Katika habari hizi watu wa Embu wana shamba lao wenyewe. Wao hawakitaji kisiwa. Huonyesha kichaka kitakatifu cha Mwenendega, karibu na Runyenjes, na kusema kwamba hapo ndipo Mwenendega alipomkuta msichana karibu na maji, akamwoa, na uzao wao ukawa kabila la Waembu. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki aliwasikiliza wazee wengi wa Embu na Mbeere, na mwaka 1974 akatoa kitabu cha maneno yao kama walivyoyanena. Anayesoma maneno hayo huona kwamba watu wawili walio jirani, wenye lugha moja karibu, waliotenganishwa na mto Thuci tu, wana mwanzo wa namna mbili: mmoja wa kuvuka maji mengi, mwingine wa kukutana kando ya maji machache.

Huenda neno la kweli ni kwamba hakuna kabila lenye mzizi mmoja. Mugumo una mizizi mingi, na mingine imeshuka kutoka juu. Kikundi kidogo cha watu, wenye viongozi hodari na mafungu yao matatu, chaweza kufika katika nchi iliyo na watu wa lugha ya undugu, kikaoa na kuolewa, kikalima pamoja nao. Na baada ya vizazi vitano habari ya wachache ikawa habari ya wote. Mtoto wa mwenyeji hukaa katika moto ule ule na mtoto wa mgeni, na husikia hadithi ile ile.

FUNDISHO KUTOKA PWANI

Watu wa pwani wenyewe wamepitia shauri kama hili. Koo nyingi za Waswahili zilisimulia kwamba babu zao walitoka Shiraz, katika Uajemi. Kwanza Wazungu waliamini mno, wakasema kwamba miji yote ilijengwa na wageni. Baadaye wataalamu waliigeukia hadithi hiyo na kuikataa. Uchimbaji wa Mark Horton kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, ulionyesha kwamba mji ulianza kwa vibanda vya udongo na miti, na vyungu vya Kiafrika, ukakua taratibu mikononi mwa wenyeji. Ikaonekana kwamba habari ya Shiraz ni majivuno tu.

Kisha mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale waliozikwa katika miji ya pwani, na Manda ilikuwa mojawapo. Katika mifupa hiyo walisoma asili ya wazazi. Walikuta kwamba akina mama wa watu hao walikuwa hasa Waafrika, na akina baba wengi walikuwa na asili ya Asia, zaidi Uajemi; na mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo waliosema kwamba miji ni ya Waafrika walisema kweli; na wazee waliosema kwamba walikuwako babu kutoka Uajemi nao hawakusema uongo. Hadithi ilikuwa imetaja nusu ya ukoo, ikaisahau nusu ya pili.

Hili ndilo fundisho kubwa kwa watu wa Meru na Embu. Masimulizi ya wazee si hati ya serikali yenye muhuri, wala si porojo. Ni ushahidi wa mtu aliyeona upande mmoja. Huhifadhi lile lililomwuma na lile lililomwokoa: maji yaliyokwenda na kurudi, nguo nyekundu za mabwana, mzee aliyeshinda mafumbo kwa akili. Huacha yale ambayo hayakumgusa: jina la mji, idadi ya watu, na jirani aliyempokea alipofika amechoka.

KAZI ILIYOBAKI

Shauri la Mbwaa halijakatwa. Huenda siku moja wachimbaji wataona jambo jipya katika mchanga wa Manda, au kando ya Tana, au katika vilima vya Tharaka. Lakini udongo husubiri; uliwasubiri watu wa Knossos miaka zaidi ya 3,000. Mzee hawezi kusubiri. Wengi wa wale waliomsimulia Padre Bernardi na Fadiman wamekwisha kufariki, na kila mmoja alizikwa na maneno ambayo hayakuandikwa.

Kazi hii haihitaji chuo kikuu. Karani ana kalamu, na mkulima ana babu. Anayetaka kuisaidia historia ya watu wake na anunue daftari, aende kwa mzee na zawadi ya heshima kama desturi itakavyo, amwombe asimulie kwa lugha yake mwenyewe, naye aandike kama ilivyonenwa, pasipo kurekebisha neno ili lifanane na Biblia au na kitabu cha shule. Aandike jina la mzee, ukoo wake, rika lake, mahali alipozaliwa, na nani aliyemsimulia yeye. Wazee wawili wakipingana, na aandike maneno ya wote wawili. Maana katika kupingana kwao mara nyingi ndimo ilimo kweli. Asiwasahau akina mama, ambao aghalabu huwakumbuka wale walioolewa kutoka mbali, na ndio waijuao ile nusu ya ukoo ambayo wanaume huisahau.

Naye mtu wa Meru atakayepata nafasi ya kushuka mpaka Lamu, na avuke kwenda Manda, akae ukingoni mwa mikoko saa sita hivi, tangu maji yajaapo hata yapwapo. Huenda asijue kwa hakika kama babu zake walipita hapo. Lakini atajua ni kitu gani walichomaanisha waliposema kwamba maji huondoka, kisha hurudi.